Maji Yakijaa: Siku Sita za Kwenda Mafia kwa Kivuko

Wiki ya pili sasa tangu nirudi, na kila nikipindua begi mchanga bado unadondoka. Daftari langu lililowa maji ya chumvi kurasa za katikati, nitaeleza lilivyolowa, kwa hiyo haya nimeyaunga kwa yanayosomeka, kwa picha za simu na kwa kumbukumbu za shemeji yangu, ambaye katika safari nzima alishika bei tu. Yeye ni mtu wa Singida. Kabla ya hapa bahari aliijua akiwa juu ya pantoni la Kigamboni, na hata hapo huwa anasimama katikati kabisa.

Jumatano: Mbagala hadi Nyamisati

Kwa ndege, Dar hadi Mafia ni kama nusu saa. Sisi tulitaka kupita njia ya wenyeji: basi hadi Nyamisati, mlangoni mwa Rufiji, kisha kivuko hadi Kilindoni, mji wa Mafia. Mabasi tuliyapata Mbagala Rangi Tatu, nauli 12,000 kila mtu. Lami ya barabara ya Kilwa haina cha kusimulia zaidi ya korosho za madirishani. Unafika Bungu, unakata kushoto kuelekea baharini, na hapo vumbi linaanza kazi yake.

Pancha tuliipata katikati ya mikorosho, mahali pasipo hata banda la chai. Jeki ilikuwepo, mpini wake haukuwepo. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akageuza, akaenda kuazima mpini kijijini kwao, akarudi baada ya saa nzima akitokwa jasho. Abiria wakamchangia soda. Akachukua soda, pesa zilizobaki akamrudishia konda.

Tulifika Nyamisati baada ya isha. Gesti zote mbili tulizoelekezwa zilikuwa zimejaa watu wanaosubiri kivuko kama sisi. Tulikaa kwa mama ntilie mmoja karibu na gati, tukala ugali na kamba kwa 4,000. Kamba wa Rufiji hawahitaji kusifiwa na mimi. Tulipomaliza akatuangalia na mabegi yetu.

"Mnalala wapi, wanangu?"

"Bado tunatafuta, mama."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka na chandarua, akafunga kamba za chandarua kwenye nguzo za baraza yake mwenyewe. Asubuhi tulipotaka kumlipa alikubali hela ya chai peke yake. Mwezi ulikuwa mpevu, na kutoka barazani ningeweza kusoma namba za pikipiki zilizopangwa gatini.

Kwa atakayefuata: fika Nyamisati mapema upate chumba, beba dawa ya mbu, na ukate tiketi ya kivuko ukiwa na kitambulisho mkononi kwa sababu majina yanaandikwa. Sisi tulilipa 16,000. Pesa taslimu za kutosha zitoe Mbagala.

Alhamisi: mlango wa mto

Usiku ule shemeji alimuuliza mlinzi wa gati kivuko kinaondoka saa ngapi.

"Maji yakijaa."

"Sawa mzee, lakini saa ngapi?"

"Maji yakijaa ndiyo saa yenyewe."

Shemeji alidhani anafanyiwa mzaha. Nilipoona mahali penyewe nikaelewa. Rufiji inamwaga mchanga na tope kila siku, mkondo wenye kina ni mwembamba, na maji yakipwa fungu la mchanga linatokea pale ulipodhani pana bahari. Tulikuwa kwenye bamvua, siku za mwezi mpevu, ambapo katika pwani hii maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa karibu na adhuhuri. Basi saa 11 kasorobo alfajiri kamba zikafunguliwa. Ndani mlikuwa na saruji, pikipiki, seti ya makochi, kuku ndani ya tenga, na jokofu lililovikwa blanketi kama mgonjwa.

Mikoko ilianza kuonekana kulipopambazuka, kulia na kushoto, mizizi imesimama juu ya tope kama vidole. Ndiyo delta yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Humu ndimo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilimojificha mwaka 1914, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege, na tarehe 11 Julai mwaka huo meli zao mbili zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, zikaimaliza Königsberg kwa mizinga huku rubani akiwaelekeza kutoka juu. Nilipokuwa shule nilisoma habari hii nikashangaa meli kubwa namna ile inajifichaje. Ukiona vijito vinavyopindana humu, unachoshangaa ni kwamba ilipatikana.

Tulipotoka mtoni mawimbi yakaanza, na shemeji akanyamaza. Uso wake ukawa wa majivu. Bibi mmoja aliyekalia gunia la mchele akafungua ncha ya kanga yake, akatoa ndimu, akaikwaruza kwa kucha.

"Nusa hii, baba. Usitazame maji. Tazama kule mbali, kwenye kitu kisichotikisika."

"Hakuna kisichotikisika, bibi."

"Basi nitazame mimi."

Alimtazama bibi karibu saa mbili nzima. Hakutapika.

Saa 3 asubuhi tukashuka Kilindoni, kwenye gati refu. Bajaji hadi Utende, upande wa pili wa kisiwa, ilikuwa 5,000 kila mtu. Kabla ya kufika Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, yenye kilomita za mraba 822. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje si kimoja, kwa hiyo kitambulisho tena. Tulipata chumba kijijini kwa 30,000, vitanda viwili. Mchana uliobaki tulilala.

Ijumaa: Chole

Chole ni kisiwa kidogo mbele ya Utende. Unavuka kwa mashua ya abiria, 1,000, ukikunja suruali maana unaipanda ndani ya maji. Wajerumani walipoichukua Mafia mwaka 1890 waliweka makao yao hapa, na mwaka 1913 wakahamia Kilindoni. Boma lao lipo bado, au tuseme kuta zake zipo: mizizi ya miti imezikumbatia mpaka hujui kipi kinakishikilia kipi.

Nilikwenda kwa ajili ya popo, nikapotezea asubuhi nzima kwa mafundi wa majahazi. Chini ya mwembe palikuwa na jahazi limefika kiunoni: mkuku umelala juu ya magogo, mataruma yamepangwa kama mbavu za ng'ombe, na hakuna karatasi yoyote yenye mchoro. Nilimuuliza fundi vipimo vyake viko wapi. Akajigusa paji la uso kwa mpini wa tezo.

Mzee mmoja alikuwa anapiga kalafati. Nilichuchumaa karibu naye nikapiga picha 14, zote za mikono. Alikuwa anasokota pamba kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe uzi mnene, anaichovya kwenye kopo la mafuta, anaitandaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha anaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo. Ti-ti-ti, anasogea upana wa kidole. Pamba ikishaingia sawasawa, mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mzito, na hapo ndipo anaposogea. Alikuwa anafanya kazi kwa masikio.

"Mkilishusha majini mnaweka magogo chini?" nikauliza.

"Magogo ya siku hizi," akasema, na wenzake wakacheka, nikajua kuna hadithi.

Naiandika kama alivyonipa. Zamani kulikuwa na miji miwili, Kua huko kisiwani Juani na Kisimani upande wa magharibi wa Mafia. Watu wa Kisimani waliunda merikebu, wakawaalika wa Kua kwenye karamu ya kuishusha. Karamu ilipokolea wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani, na merikebu ikateremka baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka. Kisha wakatangaza harusi, wakajenga ukumbi chini ya ardhi, wakawaalika Kisimani wote. Ngoma inapigwa, watu wanakula, na wenyeji wanatoka mmojammoja, huyu anafuata maji, huyu anaitwa nje, mpaka akabaki mzee mmoja anayewachangamsha wageni. Mlango ukajengwa kwa mawe, na yeye mzee yumo ndani.

"Alijua?" shemeji akauliza.

"Ndiye aliyeomba abaki."

Ilipokaribia saa 5 wote wakaweka zana chini, wakaenda kujitayarisha kwa sala ya Ijumaa. Sisi tukanunua madafu, 500 moja, tukala mihogo ya nazi, tukangoja jioni.

Popo wa Chole si wale wa darini. Hawa ni wakubwa, wanakula matunda, na mchana wananing'inia kwenye miti wakigombana kama abiria wa Mbagala. Mama aliyetuuzia mihogo alisema hapo kijijini hakuna anayewagusa. Saa 12 na nusu wakaanza kuondoka kuelekea Mafia kubwa, kwanza wawili watatu, kisha anga lote. Mashua yetu ilivuka gizani, na bado walikuwa wanapita juu yetu. Ulikuwa unasikia mbawa tu.

Jumamosi: Kua, na tope

Mashua ya kukodi hadi Kua pamoja na kiongozi ilikuwa 70,000, tukagawana. Tuliondoka Utende saa 11 na nusu alfajiri, kwa sababu kijito cha kuingilia kinapita kwenye mikoko na kinapitika maji yakiwa yamejaa tu. Kiongozi alisema wazi: saa 2 tuwe tumeondoka.

Kua ilikuwa mji wa Waswahili wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ipo nyumba ya mtawala yenye ghorofa, ipo misikiti, yapo makaburi, na juu ya yote hayo upo msitu. Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Bukini, ndiyo Madagaska, waliuvamia na kuuangamiza, na watu hawakurudi kuujenga. Kwenye kibla cha msikiti mmoja tulikuta chupa tupu ya marashi na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, si cha siku nyingi. Kiongozi alipita pale akipunguza sauti, nasi tukapunguza.

Niliuliza chumba cha harusi kiko wapi.

"Kila anayefika anakiuliza. Hakijaonekana."

Shemeji alikuwa anakanyaga kwa uangalifu tangu hapo.

Sasa kosa ni langu. Saa 2 ilipofika nilikuwa juu ya ukuta nikitafuta pembe nzuri ya picha. Nikasema dakika kumi. Kiongozi, kwa adabu, akanyamaza. Tuliporudi kwenye mashua ilikuwa saa 3 kasorobo, na kijito kilikuwa kimebaki mfereji wa tope na kaa wekundu. Mashua imelala ubavu. Tulijaribu kuisukuma: mguu ukaingia hadi gotini, nikashika mkoko, mkoko ukateleza, na daftari likatoka mfuko wa shati likaenda zake, nikaliokota limelowa.

"Sasa tunaondoka saa ngapi?" nikauliza, na hata kabla sijamaliza wote watatu, nahodha, kiongozi na shemeji, wakajibu pamoja.

Tulingoja mpaka saa 10 na nusu alasiri. Karibu saa 8 wakapita wanawake wanarudi mwambani, wamebeba pweza kwenye mijiti yao ya kuchokolea, miguu imefungwa viatu vya plastiki. Walituona tumejipanga kwenye kivuli kama nguo zilizoanikwa. Mmoja wao, mtu mzima, akauliza kama tumekula. Hatukujibu haraka, akaelewa. Akakata mikono miwili ya pweza, kiongozi akawasha vijiti, tukaibanika tukala kwa chumvi ya mikononi mwetu na ndimu iliyobaki ya yule bibi wa kivukoni.

Shemeji akatoa pochi. "Shilingi ngapi, mama?"

"Kula kwanza, mwanangu. Hesabu utafanya ukifika kwenu."

Kwa atakayefuata: muulize nahodha habari za maji kabla ya kuuliza bei. Ukienda siku za maji mafu, wiki moja baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa katikati ya asubuhi na utapata Kua bila kuamka usiku. Vaa viatu vinavyofungwa. Ndala zangu ziko Juani mpaka leo.

Jumapili: potwe

Tulirudi Kilindoni na kulipia 60,000 kila mtu kwa boti ya kwenda kumwona papa potwe. Msimu wake ni Oktoba hadi Machi, na mara nyingi haonekani ndani ya hifadhi bali upande huu wa magharibi, karibu na mji. Anafuata uduvi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni kile kile unachokaangia kitunguu na nyanya.

Sheria tulisomewa botini: usimguse, usimkatie njia mbele, usiwashe taa ya kamera. Tulizunguka saa nzima bila kitu. Shemeji akaanza kugawa 60,000 kwa dakika. Kisha nahodha akanyoosha mkono, nikaona kivuli kirefu kuliko boti, nikaruka.

Kwanza sikuona kitu ila vumbi la maji. Halafu likatokea domo, pana, limefunguka kama geti, likinijia taratibu sana. Akanipita ubavuni. Mgongo wote ni madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari. Ndiyo maana wengine humwita papa shilingi, wakisema Mungu alimrushia sarafu mgongoni. Jicho lake ni dogo kabisa kwa mwili ule, kama kishikizo cha koti, na lilinigeukia, likanitazama, likarudi mbele. Mkia ukapita baada ya muda ambao sikuuhesabu.

Shemeji haogelei. Alikuwa amevaa boya, amelala kifudifudi ukingoni, na mnyama akapita chini ya boti moja kwa moja, kichwa kikitokea upande mmoja mkia ukiwa bado upande wa pili. Nilipopanda nikamkuta ameshika ubao kwa mikono yote miwili.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Hakutaja tena 60,000, na katika daftari lake la hesabu mstari huo hauna maelezo.

Usiku tulilala gesti ya Kilindoni, 25,000 chumba. Wali, samaki wa kupaka, mapema kitandani.

Jumatatu: kurudi

Saa 9 usiku gatini palishajaa watu na magunia ya nazi. Kivuko kiliondoka saa 10 alfajiri ili kiukute mlango wa Rufiji maji yakiwa juu. Bahari ilikuwa shwari. Shemeji alinunua ndimu tatu Kilindoni, akatumia moja, mbili akampa mama aliyekuwa na mtoto anayelia. "Atazame mbali," akamwelekeza, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa chomboni.

Hesabu yake, kwa mtu mmoja, bila kiingilio cha hifadhi: usafiri wa barabara na kivuko 66,000, mashua za Chole na Kua 37,000, potwe 60,000, malazi 57,500, chakula kama 60,000. Jumla 280,500. Pweza hakumwandika.

Nyamisati tulimkuta mama ntilie wetu anakaanga maandazi. Tulimletea nazi sita. Akatukaripia kwamba kwake nazi zimejaa, kisha akazipokea. Basi la Mbagala lilikuwa limesimama nje na abiria wanne ndani. Mimi nikapanda. Shemeji akamwendea konda.

"Kijana, tunaondoka saa ngapi?"

"Gari likijaa, mzee."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali, akaenda kivulini, akakaa karibu na karai la maandazi, akaagiza chai ya pili.